Mutisya Munge: Mpagazi wa vita aliyeipa Ukambani sanaa ya vinyago

MPITA njia katika Barabara ya Kenyatta, katikati ya jiji la Nairobi, hawezi kukosa kuziona sanamu tatu za shaba zilizosimama juu ya jiwe. Mbili ni za wanajeshi. Ya tatu ni ya mpagazi, mmoja wa wale Waafrika waliobeba chakula na risasi za Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sanamu hizo ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson na ziliwekwa hapo mwaka 1928. Mombasa ina zake katika Barabara ya Jomo Kenyatta, na Dar es Salaam ina askari wake mwenye bunduki, aliyesimamishwa mwaka 1927.

Mpagazi huyo wa shaba hana jina. Anasimama kwa niaba ya maelfu ya vijana waliotolewa Ukambani, Ukikuyu, Nyanza, Pwani na kwingineko, ambao wengi wao hawakurejea makwao. Miongoni mwa waliojaliwa kurejea alikuwamo Mkamba mmoja wa Wamunyu. Hakurudi na nishani wala cheo. Alichorudi nacho ni maarifa mapya ya mikono, na maarifa hayo yakaja kulisha maelfu ya nyumba katika Machakos, Makueni na Kitui kwa karne nzima.

Mtu huyo alikuwa Mutisya Munge.

Kila twiga wa mti anayeuzwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, kila kifaru anayefungwa kwa magazeti na kutiwa katika mkoba wa mtalii, kila kijiko cha saladi chenye kichwa cha swara, asili yake inafuatiliwa hadi kwa mpagazi huyo. Hata hivyo, wengi wa wanaovinunua vinyago hivyo hawajapata kulisikia jina lake, na hata baadhi ya wanaovichonga hawalijui.

Kizazi cha njaa na reli

Mutisya Munge alikuwa wa kizazi kilichozaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Kwao ni Wamunyu, kituo kilicho katika barabara inayotoka Machakos kwenda Kitui, kabla ya kuufikia mto Athi. Leo Wamunyu imo katika Kaunti ya Machakos. Enzi hizo mipaka ya leo haikuwapo. Nchi ya Ulu, yaani Ukambani ya magharibi, ilijumuisha pia Makueni, ambayo ilisalia sehemu ya wilaya ya Machakos hadi ilipofanywa wilaya yake yenyewe mwaka 1992. Ng'ambo ya Athi ilianza nchi ya Kitui.

Kizazi hicho kiliyaona mengi mapema. Kati ya 1898 na 1900 Ukambani ilikumbwa na njaa ambayo wazee waliiita Ngomanisye. Mvua ilikatika, sotoka ilikuwa imeshayafagia makundi ya ng'ombe, na ndui ikafuata nyuma. Watu walikufa kwa wingi, na wengine walihamia kwa majirani kutafuta chakula. Wakati huo huo reli kutoka Mombasa ilikuwa ikipenya katika nyika za Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Nyuma ya reli ilikuja serikali, na nyuma ya serikali ikaja kodi ya nyumba.

Wakamba hawakuwa wageni wa biashara ya mbali. Nusu karne kabla ya hapo, misafara yao ilikuwa ikishuka Pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na waya za shaba. Aliyesifika zaidi miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na akauawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Biashara hiyo ilikuwa imekufa kufikia ujana wa Mutisya. Hata hivyo mazoea ya kusafiri, kupatana bei na kuuza kwa mtu usiyemjua lugha yalikuwa yamebaki katika jamii, nayo yalikuja kufaa baadaye.

Hali kadhalika, Wakamba walikuwa mafundi wa siku nyingi. Wahunzi wao walisuka mikufu myembamba ya chuma na shaba iliyopendwa hata na makabila jirani. Waliofanya kazi ya mti walichonga vigoda vya wazee vya miguu mitatu, vikapambwa kwa nyuzi za shaba zilizopigwa ndani ya mti hadi zikafanya nakshi. Walichonga pia fimbo, mizinga ya nyuki, vijiko, na vijaluba vya ugoro.

Huo ndio ufundi aliokulia Mutisya. Inasimuliwa kuwa kabla ya vita alikuwa tayari anajulikana kijijini kwa wepesi wa mkono wake. Lakini vitu hivyo vilikuwa vya matumizi. Kigoda kilikaliwa, fimbo ilishikwa, kijiko kilikoroga. Sanamu ya mtu au mnyama, iliyochongwa ili itazamwe tu na kuuzwa kwa mgeni, haikuwa bidhaa ya soko Ukambani.

Mzigo kichwani

Vita vilipozuka Agosti 1914 kati ya Uingereza na Ujerumani, mataifa hayo mawili yalikuwa majirani Afrika Mashariki. Jeshi la Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lilikataa kusimama mahali pamoja lipigwe. Lilirudi nyuma, likajificha, likashambulia na kuondoka. Waingereza walilifuata katika nchi isiyo na barabara, ambako mbung'o waliua punda na ng'ombe wa kukokota magari. Kilichobaki ni bega na kichwa cha mwanadamu.

Ndipo kikaundwa kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza wenyeji walilitamka Kariakoo. Jina hilo limebaki hadi leo katika mitaa miwili maarufu, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali walipokuwa na kambi zao. Mwanzoni baadhi ya watu walijiandikisha wenyewe. Baadaye, hasa mwaka 1917, serikali ilimtwika John Ainsworth kazi ya kukusanya watu kwa wingi, na machifu wakaamriwa kutoa vijana wilaya kwa wilaya. Kutoka Kenya pekee, zaidi ya watu 150,000 walipita katika kikosi hicho.

Mutisya Munge alikuwa mmoja wao.

Maisha ya mpagazi yalikuwa ya taabu. Mshahara ulikuwa mdogo, tena ulipunguzwa vita vilipokuwa vikiendelea. Mtu aliyezoea wimbi, mahindi na kunde alipewa unga usioiva vizuri, na tumbo likamharibika. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wa Kenya waliokufa ni zaidi ya 40,000. Wengi walizikwa pasipo alama yoyote, na mishahara yao haikuwafikia jamaa zao.

Kwa nyumba nyingi za Ukambani, kwa hiyo, kwenda Tanganyika kulikuwa sawa na kwenda kaburini. Anayerudi alipokewa kama aliyefufuka.

Alichokiona Uzaramo

Majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 4, 1916. Kuanzia hapo bandari hiyo ikawa ghala kubwa la vita, na wapagazi wakawa wanapita humo na katika vijiji vya jirani. Masimulizi yaliyokusanywa na watafiti wa baadaye yanaeleza kuwa Mutisya alijikuta katika nchi ya Wazaramo, karibu na misheni ya Kilutheri ya Maneromango, kusini-magharibi mwa Dar es Salaam.

Wapo pia wanaosimulia kwamba waalimu wake walikuwa Wamakonde, kwa kuwa jina la Wamakonde ndilo lililokuja kuvuma zaidi katika uchongaji. Lakini simulizi inayokubaliwa na wengi inawataja Wazaramo, na mazingira yanaiunga mkono. Wazaramo walikuwa na mazoea ya zamani ya kuchonga umbo la mtu. Walimchonga mwana hiti, kisanamu cha mti alichopewa msichana aliyewekwa ndani wakati wa unyago. Walichonga pia nguzo za kusimamisha makaburini. Wazungu walipofika, umbo hilo hilo la mtu likawa kitu ambacho mgeni yuko radhi kukilipia.

Kwa fundi wa vigoda aliyetoka Wamunyu, jambo hilo lilikuwa ufunuo. Mti aliouona mikononi mwa Wazaramo ulikuwa mpingo, mti ule ule ambao kwao uliitwa muvingo na uliota tele katika nyika za Ukambani. Vifaa vilikuwa shoka, tezo na kisu, vifaa ambavyo mkono wake ulivijua. Kilichokuwa kigeni kwake ni wazo lenyewe, kwamba ndani ya gogo mna mtu au mnyama, na kwamba yuko mnunuzi anayemngoja.

Alijifunza. Kisha vita vikaisha Novemba 1918, naye akarejea nyumbani.

Tezo badala ya kibarua

Kenya aliyoirudia haikuwa na huruma kwa mtu wa kawaida. Kodi ilidai fedha taslimu. Kila mwanamume alitakiwa kubeba kipande shingoni, sheria iliyoanza kutekelezwa baada ya vita. Mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua, na serikali ilitaka kodi imsukume Mwafrika kwenda kuyalima. Njia za kijana kupata fedha zilikuwa chache: shamba la mlowezi, reli, polisi, au kuuza ng'ombe wa baba.

Mutisya Munge alifungua njia nyingine. Alikaa kwao, akachonga, akauza. Wateja wake wa kwanza walikuwa Wazungu, maafisa na walowezi, waliotaka kitu cha kuweka mezani au cha kupeleka kwao wakienda likizo. Fedha aliyopata ilimtosha kukaa chini ya mti wake mwenyewe pasipo kuitwa kibarua na mtu.

Jambo hilo halikufichika kwa majirani. Inasimuliwa kuwa mwanzoni ustadi huo ulibaki ndani ya jamaa yake, kwa kuwa mwenye kisima hapendi kila mtu achote. Lakini sauti ya tezo haifichwi. Watoto waliochunga mbuzi waliona, wakaokota vipande vilivyotupwa, wakajaribu. Jamaa wakafunza jamaa, na wanagenzi wakageuka mafundi. Muda si muda Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji.

Mwanzilishi mwenyewe hakuishi kuona ukubwa wa kazi yake. Alifariki kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati wachongaji walikuwa bado ni watu wa kuhesabika. Hakuacha shule, kitabu wala kampuni. Aliacha watu waliokuwa wamemwona akifanya kazi.

Mti ulivyolisha watu

Miaka ya 1930 ilikuwa migumu Ukambani. Ardhi ya malisho ilikuwa imebanwa na mashamba ya walowezi, udongo ukamomonyoka, na mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu kwa hoja kuwa wamezidi. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga, na akahamishiwa Lamu kwa adhabu. Katika nchi ya namna hiyo, ambamo mvua na ng'ombe havikutegemewa tena, kazi isiyohitaji mvua wala malisho ilikuwa neema.

Vita vya Pili vilileta wanajeshi wengi wa Uingereza nchini Kenya, wenye mishahara na wenye hamu ya kupeleka kumbukumbu nyumbani. Soko likapanuka ghafla. Wachuuzi wa Kikamba, warithi wa misafara ya akina Kivoi, walibeba vinyago hadi milango ya hoteli za Nairobi na Mombasa, kisha wakavuka mipaka kwenda Uganda, Tanganyika na mbali zaidi. Kufikia miaka ya 1950 biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kumvutia mwanauchumi Walter Elkan, aliyeichunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1958. Alichokishangaa ni kwamba tasnia hiyo ilikuwa imejengwa na Waafrika wenyewe, bila mtaji wa serikali na bila kampuni ya kigeni.

Baada ya Uhuru, wachongaji walijipanga katika vyama vya ushirika. Kile cha Akamba huko Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963. Wamunyu ikawa na chake. Makindu, katika Makueni ya leo, nayo ikawa na ushirika wake kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya watalii yanayokwenda Tsavo na Pwani hayawezi kupita bila kuuona. Vijana kutoka Kitui na Makueni walioshindwa kulipiwa karo waliingia katika vibanda hivyo, na wengi wao ndio waliowasomesha wadogo zao.

Kazi yenyewe iligawanywa. Mmoja aliangusha na kukata magogo. Mwingine, mwenye shoka na tezo, alitoa umbo la awali. Fundi wa kisu na patasi alitoa macho, masikio na misuli ya mguu. Kisha tupa ikapita, msasa ukafuata, mara nyingi mikononi mwa wanawake na vijana, na mwisho nta au rangi ya viatu ikaleta mng'aro. Twiga mmoja angeweza kupita katika mikono ya watu wanne au watano kabla ya kumfikia mnunuzi. Ndiyo sababu hakuwa na saini ya mtu.

Wakosoaji hawakukawia. Wasomi wa sanaa waliviita vinyago hivyo sanaa ya uwanja wa ndege, vitu vya kurudiarudia visivyo na roho ya msanii. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa mchongaji aliyelipwa kwa idadi alichonga twiga wa 100 sawasawa na wa 99. Lakini haikuwatendea haki watu wenye njaa. Mutisya na waliomfuata hawakuwa wakishindania nafasi katika majumba ya makumbusho. Walikuwa wakitafuta kodi, karo na unga.

Deni la msitu

Hata hivyo, kuna deni ambalo urithi wa Mutisya Munge haujamaliza kulilipa, nalo ni deni la mti.

Mpingo ni mti unaokua polepole mno. Huchukua miongo kadhaa, pengine hadi karne, kabla ya kiini chake cheusi kufikia unene wa kumfaa mchongaji. Fundi mmoja hahitaji miti mingi. Maelfu ya mafundi wanahitaji msitu. Kwanza mpingo ulitoweka karibu na Wamunyu. Wakataji wakaenda mbali zaidi katika nyika za Kitui na Kibwezi, ambako mchoma makaa alikuwa akiwania shina lile lile. Mpingo ulipoadimika wachongaji wakageukia muhugu, mti wa rangi ya kahawia wenye harufu nzuri, ambao ulikatwa hadi katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi.

Watafiti walioichunguza tasnia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kuwa Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000, na kwamba mauzo ya nje yalifikia dola milioni 20 za Marekani kwa mwaka. Walikadiria pia kwamba miti zaidi ya 50,000 ilikatwa kila mwaka kwa ajili yao. Hapo ndipo mashirika ya uhifadhi yalipoanza kuwahimiza mafundi watumie mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayokua upesi na inayopandwa na wakulima wenyewe. Baadhi ya wachongaji walinung'unika, kwa kuwa mwarobaini hauna weusi wa mpingo wala harufu ya muhugu. Wengine waliupokea, wakagundua kuwa mnunuzi wa Ulaya yuko tayari kulipia kinyago kisichomwachia lawama ya msitu.

Soko nalo lina misukosuko yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mashambulizi ya kigaidi ya miaka iliyofuata, kisha janga la corona la mwaka 2020, yote yaliwafukuza watalii, na kila mara vumbi lilitua juu ya twiga wa Makindu kabla ya kutua mahali pengine. Mchongaji ni wa kwanza kujua kuwa wageni hawaji na wa mwisho kuambiwa kwa nini.

Asiye na sanamu

Nairobi imejifunza kuwakumbuka watu wake kwa sanamu. Sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta katika uwanja wa Jumba la Mikutano la Kimataifa la KICC ilizinduliwa mwaka 1973, nayo ilichongwa na Mwingereza James Butler. Dedan Kimathi alisimamishwa katika mtaa wenye jina lake mwaka 2007, na Tom Mboya mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa. Hizi mbili za mwisho zilitengenezwa na wasanii Wakenya, ishara kwamba mambo yamebadilika tangu siku za Stevenson. Muindi Mbingu, kwa upande wake, alipewa mtaa katikati ya jiji.

Katika orodha hiyo ya mashujaa wa shaba, Mutisya Munge hayumo. Huenda hilo lisistaajabishe, kwa kuwa sanamu hujengewa watawala na wapiganaji, na yeye hakutawala wala hakupigana. Alibeba mzigo. Lakini wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa, na ni vigumu kumpata Mkenya aliyecheza kwao kwa faida ya watu wengi kiasi hicho. Alikwenda katika vita visivyokuwa vyake, akala chakula kilichowaua wenzake, na katika nchi ya ugeni, wakati kila mtu aliwaza namna ya kubaki hai, yeye aliwaza namna ya kujifunza.

Tena, hakukuwa na aliyemtuma. Serikali iliyompeleka Tanganyika ilimtaka kwa kichwa chake tu, yaani kwa mzigo ambao kichwa hicho kingeweza kubeba. Haikuwahi kujua kuwa ndani ya kichwa hicho alikuwa akisafirisha bidhaa nyingine, ya thamani kuliko risasi na magunia ya unga.

Mpagazi wa shaba angali amesimama katika Barabara ya Kenyatta, magari yakimzunguka mchana na usiku. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaahidi wapagazi kwamba watakumbukwa. Wachache husimama kuyasoma. Na mitaa michache kutoka hapo, mchuuzi aliyefika kwa basi la alfajiri kutoka Ukambani anakifungua kifurushi chake cha magazeti, anamfuta vumbi twiga wa mwarobaini, na kumsimamisha mezani akitazama barabara.